Saratani ya Damu Ikirudi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kemo ya Uokozi

Nje ya wodi yetu kuna benchi la mbao ambalo ndugu wa wagonjwa hulikalia wakisubiri daktari atoke. Karibu maswali yote yaliyomo humu nimeulizwa pale, mengine saa nane usiku. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa saratani ya damu, na ukurasa huu unahusu aina moja tu: lukemia kali ya mailoidi, ile ambayo kwenye faili huandikwa AML, pale inaporudi baada ya kutulia au inapokataa dawa tangu mwanzo. Dozi na maamuzi ni vya daktari wa mgonjwa wako. Ninachotaka ni uingie chumbani kwake ukijua cha kuuliza.

Sista, si mlituambia amepona? Imerudije?

Huenda neno lililotumika lilikuwa "ugonjwa umetulia", nanyi mkasikia "amepona". Siwalaumu, maana hata sisi siku ile tulifurahi. Ugonjwa huhesabiwa umetulia pale kipimo cha uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu (hospitali nyingi Tanzania huita uloto), kinapoonyesha seli changa za saratani chini ya 5%, neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) zimefika 1,000 katika kila maikrolita ya damu, chembe sahani (zinazogandisha damu) zimefika 100,000, na hakuna uvimbe wa saratani hiyo mahali pengine mwilini.

Sasa piga hesabu. Siku ugonjwa unagunduliwa, mwilini kunaweza kuwa na seli za saratani zipatazo trilioni 1. Dawa ikiua 999 katika kila 1,000, bado imebaki bilioni 1, na hadubini haizioni. Aliyewahi kulima shamba lenye ndago analijua jambo hili bila kufundishwa: unapalilia hadi ardhi inabaki tupu, kumbe vile viazi vyake vidogo vimelala chini vinasubiri mvua. Seli zinazobaki mara nyingi ni zile zilizoweza kuvumilia dawa ya kwanza, na ndizo zinazoota tena. Marejeo mengi hutokea ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Hakuna aliyemroga, na si kwa sababu alirudi kazini mapema au alikula kitu fulani.

"Kurudi" na "kukataa dawa" vina tofauti?

Ndiyo. Kurudi ni pale ugonjwa uliokwisha kutulia unapoonekana tena: seli changa zinafika 5% au zaidi kwenye uboho, au zinajitokeza kwenye damu, au panatokea uvimbe wa saratani hiyo kwenye ngozi, fizi au kwingineko. Kukataa dawa, yaani ugonjwa sugu, ni pale haukutulia hata baada ya mizunguko 2 ya kemo (dawa za kuua seli za saratani) kali ya mwanzo. Matibabu yanayofuata hufanana, lakini ugonjwa uliotulia muda mrefu kabla ya kurudi una matumaini zaidi kuliko ule ambao haukutulia kabisa.

Kemo ya uokozi ni dawa gani hasa?

Si dawa moja. Ni jina la michanganyiko inayotumika pale matibabu ya kwanza yameshindwa au athari yake imekwisha. Matibabu ya kwanza, ambayo msingi wake haujabadilika sana tangu miaka ya 1970, huitwa 7+3: sitarabini siku 7 mfululizo, na daunorubisini au dawa ya ukoo wake siku 3. Kemo ya uokozi kwa kawaida bado inaegemea sitarabini, ila kwa kipimo kikubwa zaidi na kwa wasaidizi wengine.

Mchanganyiko utakaousikia sana ni FLAG-IDA. Ndani yake mna fludarabini, sitarabini, sindano za kuchochea chembe nyeupe (G-CSF) na idarubisini. Mpangilio wake una akili ambayo mimi huipenda kuieleza. Fludarabini hutangulia kwa takribani saa 4, na kazi yake si kuua seli tu. Huifanya seli ya saratani ikusanye sitarabini nyingi zaidi ndani yake pindi hiyo inapofika. G-CSF nayo huziamsha seli zilizolala, kwa sababu sitarabini humkamata vizuri yule anayejigawa. Ndiyo maana muuguzi akichelewesha chupa ya pili au akiiharakisha mnatuona tukiangalia saa. Ule muda ni sehemu ya dawa.

Kuna pia MEC, yaani mitoksantroni, etoposidi na sitarabini. Na CLAG-M, ambayo ina kladribini badala ya fludarabini. Hospitali nyingine hutumia sitarabini ya kipimo kikubwa peke yake. Hakuna mchanganyiko uliothibitika kuwashinda wenzake kwa wagonjwa wote. Chaguo hutegemea umri, moyo, figo, dawa alizokwisha kupewa, na kile kilichopo kwenye stoo ya dawa. Hilo la mwisho haliandikwi kwenye miongozo ya kimataifa, lakini kwetu ni kweli, na ni halali kabisa ndugu kuuliza mapema kama dozi zote za mzunguko mzima zipo kabla chupa ya kwanza haijatundikwa.

Kwa nini iwe kali kuliko ya mwanzo, na mwili tayari umechoka?

Kwa sababu seli zilizobaki zilikwisha kuhimili kipimo cha kawaida. Katika 7+3, sitarabini huwa miligramu 100 hadi 200 kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili (hupatikana kwa urefu na uzito, ndiyo sababu tunawapima kila mara). Katika FLAG-IDA hufika gramu 2 kwa siku kwa kipimo hicho hicho. Ni mara 10 na zaidi. Mwili uliochoka huenda usiustahimili ukali huo, na kwa hiyo si kila mgonjwa anafaa kupewa. Daktari akisema "huyu hatumpi", muulizeni sababu. Mara nyingi ni moyo, figo, maambukizi ambayo hayajaisha, au umri.

Swali gani tuulize kabla ya yote?

"Baada ya hapa, nini?"

Nawaomba mlishike hili kuliko lolote nililoandika. Kemo ya uokozi ikifanikiwa, utulivu unaouleta kwa kawaida ni mfupi, miezi tu, usipofuatwa na kitu kingine. Kwa mtu mzima ambaye ugonjwa umerudi, njia yenye nafasi kubwa ya kumponya ni kupandikizwa uboho kutoka kwa mtu mwingine. Chembe za kinga za mchangiaji huitambua saratani kuwa ni mgeni na kuishambulia, kazi ambayo kemo peke yake haiimalizi.

Kwa hiyo maandalizi ya upandikizaji yanaanza siku ile ile ugonjwa unapogundulika kuwa umerudi, si siku uboho unapotoka safi. Nimeona familia zikisubiri kwanza "tuone dawa kama itafanya kazi". Dawa ikafanya kazi. Ndipo wakaanza kutafuta pasipoti, kupima ndugu, kuitisha kikao cha ukoo, na ugonjwa ukarudi wakiwa bado kwenye kikao. Naumia kila ninapolikumbuka hilo, kwa sababu wiki 5 za kulazwa zilikuwa zinatosha kufanya yote hayo.

Hata mpangilio wenyewe unajadiliwa siku hizi. Utafiti wa Ujerumani uitwao ASAP, ambao matokeo yake yalitangazwa 2022, uliwalinganisha wagonjwa waliopewa kemo ya uokozi kwanza na wale waliopelekwa kwenye upandikizaji haraka bila kuipitia. Matokeo ya makundi hayo hayakupishana sana. Wagonjwa wale walikuwa na wachangiaji na vituo tayari, jambo ambalo wengi wetu hatuna, lakini funzo linatuhusu: mchangiaji aliye tayari ana uzito kama dawa.

Nani anaweza kumchangia uboho?

Anza na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Kila mmoja ana nafasi ya 25% ya kulingana kabisa na mgonjwa. Wakiwepo wanne, nafasi ya kupata angalau mmoja anayelingana hufika karibu 68%. Hapa familia kubwa ni neema. Lakini semeni ukweli kuhusu nani ni wa tumbo lipi na baba yupi. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali kwa kawaida hawezi kulingana zaidi ya nusu, na maabara haitazami anavyoitwa nyumbani.

Asipopatikana, mzazi au mtoto wa mgonjwa hulingana naye nusu, na siku hizi nusu inatosha pale kituo kinapojua kutumia saiklofosfamidi siku chache baada ya kupandikiza ili kutuliza chembe za mchangiaji. Njia hiyo imetufungulia mlango sisi Waafrika, kwa sababu kwenye orodha za wachangiaji wa kujitolea tupo wachache. Sajili kuu ya Marekani, NMDP, yenyewe hueleza kuwa Mmarekani mweusi ana nafasi ya 29% kupata anayelingana naye kabisa, na mweupe 79%. Mlioko Ulaya, Marekani au Kanada na mnasoma hapa: kujisajili ni kupanguswa mate shavuni tu.

Jambo moja la tahadhari. Damu ya ndugu wa karibu anayeweza kuja kuwa mchangiaji wa uboho isiingizwe moja kwa moja kwa mgonjwa, kwani mwili wa mgonjwa unaweza kujifunza kumkataa ndugu huyo. Ndugu achangie benki ya damu, na mgonjwa apewe ya mtu mwingine. Waambieni maabara mapema.

Upandikizaji unafanyika wapi?

Afrika Mashariki mambo yanasogea. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani nyingine ya damu, maieloma, wakitumia uloto wa mgonjwa mwenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu tangu 2023. Kwa lukemia iliyorudi, familia nyingi bado huelekea India, kwenye miji kama Chennai, Vellore, Mumbai na Delhi. Kabla hamjauza kiwanja, ombeni makadirio kwa maandishi yanayojumuisha miezi ya kukaa karibu na hospitali baada ya kupandikizwa, chumba, chakula cha mlezi, na dawa za kuendelea nazo nyumbani. Watu hulipa bei ya upandikizaji wakaishiwa kwenye kodi ya chumba. Kuhusu bima, ulizeni swali lenye jina la dawa au huduma, wala si "mnalipia saratani?", maana jibu la hilo huwa ndiyo, halafu mnafika dirishani mnaambiwa dawa hii haimo.

Nafasi yake ni kiasi gani? Tuambie ukweli.

Nitawaambia, na mkitaka kuruka sehemu hii rukeni.

Kati ya wagonjwa 10 wanaopewa kemo kali ya uokozi, takribani 3 hadi 6 ugonjwa hutulia. Wanaobaki hai miaka 5 baada ya kurudi kwa mara ya kwanza ni takribani mmoja kati ya 10, ukiwachanganya wote pamoja. Ila kuwachanganya wote kunapotosha. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi na wenzao walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 667 wa miaka 15 hadi 60, wakawapanga kwa mambo manne: ugonjwa ulitulia muda gani kabla ya kurudi, kromosomu zikoje, umri, na kama alikwisha kupandikizwa. Kundi lenye hali njema lilikuwa na 46% waliofika miaka 5. La kati 18%. La chini 4%.

Mambo hayo manne mnaweza kuyajua leo kutoka kwenye faili. Tangu 2005 pia zimekuja dawa ambazo hazikuwepo, kwa hiyo namba hizo msizichukue kama hukumu ya mgonjwa wenu. Zichukueni kama sababu ya kumuuliza daktari: wetu yuko kundi gani?

Kipimo cha jeni kilifanyika mara ya kwanza. Kwa nini kirudiwe?

Kwa sababu ugonjwa uliorudi unaweza kuwa umebadilika. Badiliko la jeni lililokuwepo mwanzo hupotea, na jipya huibuka. Linalotafutwa kwanza ni FLT3, ambalo huonekana kwa takribani theluthi moja ya wagonjwa wa AML. Mwenye nalo anaweza kupewa gilteritinibu, vidonge vya kumeza nyumbani. Katika utafiti wa ADMIRAL uliochapishwa 2019, uliokuwa na wagonjwa 371, waliomeza gilteritinibu waliishi kwa wastani wa kati miezi 9.3, na waliopewa kemo za kawaida za uokozi miezi 5.6. Kwa macho ya nje karibu miezi minne ya ziada ni kidogo. Kwa mgonjwa anayesubiri majibu ya mchangiaji ni muda wa kupanda ndege.

Yapo mengine: IDH1 ina ivosidenibu, IDH2 ina enasidenibu, na tangu Novemba 2024 Marekani imeidhinisha revumenibu kwa wenye badiliko la KMT2A. Bei zake ni kubwa, na kwetu kuzipata ni shida, lakini kuna nyakati kampuni au utafiti unatoa dawa bure, na hakuna anayeweza kuomba dawa ya badiliko ambalo halikupimwa. Mwenye kutumia vidonge hivi akianza kuhema, kuvimba, kuongezeka uzito ghafla au kupata homa, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Seli changa zikianza kukomaa kwa kasi huweza kuleta hali ya hatari ambayo hutibiwa kwa deksamethasoni.

Mama yetu ana miaka 72. Naye apewe FLAG-IDA?

Kwa kawaida hapana. Kwake huzungumzwa venetoklaksi pamoja na azasitidini, kama hakuwahi kuzitumia, au vidonge vya jeni kama nilivyoeleza, au dawa ya kushusha chembe za saratani, huku akiongezewa damu na kutulizwa maumivu. Ni matibabu, si kutupwa.

Kila asubuhi mnamwandikisha jina lake. Ni ya nini?

Hii ndiyo kazi ndogo kuliko zote wodini, na mimi siiruki hata siku moja. Sitarabini ya kipimo kikubwa inaweza kudhuru ubongo wa nyuma, ule unaoongoza usawa wa mwili na mikono, hasa figo zikiwa dhaifu. Kabla ya kila dozi tunamwambia mgonjwa aguse pua yake kisha kidole changu, atembee mstari, na aandike jina na tarehe kwenye daftari.

Nilikuwa na mgonjwa fundi cherehani, mwandiko wake mzuri kama wa mwalimu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, herufi zimekaa kwenye mstari kama mshono. Siku ya nne jina lilianza juu ya mstari likaishia chini yake, na herufi ya mwisho aliirudia mara mbili. Alisema yuko sawa, kalamu tu ndiyo mbaya. Nikampa kalamu nyingine. Ikawa vile vile. Dawa haikutundikwa, daktari akaitwa, na baada ya siku kadhaa mwandiko ulirudi. Ninyi mnaolala naye mtaona kabla yangu: akianza kuongea kama mlevi, kumwaga chai, au kuyumba akienda msalani, semeni hapo hapo.

Matone ya macho ya steroidi tunayompa mara kadhaa kwa siku nayo ni kwa ajili ya sitarabini hiyo hiyo, ambayo hutoka kwenye machozi na kuunguza macho. Yasikosekane.

Mkojo umekuwa wa kijani-bluu!

Ni mitoksantroni, dawa yenyewe ni ya bluu. Hata weupe wa jicho unaweza kupata rangi kidogo. Idarubisini na daunorubisini hutoa mkojo mwekundu-chungwa. Rangi huisha baada ya siku moja au mbili. Mkojo ukiendelea kuwa mwekundu baada ya hapo, huenda ni damu, tuiteni.

Dripu inamwasha mkononi, tusubiri iishe?

Msisubiri hata dakika moja. Dawa hizi nyekundu na bluu zikivuja nje ya mshipa huchoma nyama. Bonyezeni kengele, pigeni kelele, njooni mnivute.

Homa nyumbani: tumpe panadoli kwanza?

Hapana. Pima kwanza. Joto la 38.3 mara moja, au 38.0 linalodumu saa nzima, kwa mtu ambaye chembe nyeupe zimeshuka, ni dharura kama ajali ya barabarani. Panadoli itashusha joto na kuacha bakteria wakizaana. Tunataka apate antibayotiki ya mshipani ndani ya dakika 60 tangu afike. Pale mapokezi mtu atawaambia mpime malaria kwanza. Kipimo cha malaria kifanyike, kwetu ni lazima, lakini antibayotiki isisubiri majibu yake. Semeni neno hili kwa sauti: "Ametoka kwenye kemo, chembe nyeupe hana." Na beba kadi yake kila aendako.

Chembe sahani zikiwa chini, diklofenaki, aspirini na ibuprofeni ni marufuku, na kadhalika sindano ya tako na dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa. Duka la dawa la mtaani watampa diklofenaki kwa nia njema kabisa. Kataeni.

Kwa nini kila wiki mnatuomba watu wa kuchangia damu?

Baada ya kemo ya uokozi uboho husimama kufanya kazi kwa wiki 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Muda wote huo mgonjwa anaishi kwa damu za watu. Damu nyekundu hukaa kwenye jokofu hadi siku 35 au 42 kutegemea mfuko. Chembe sahani haziwekwi kwenye jokofu. Hukaa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, juu ya kitanda cha mashine kinachozitikisa usiku na mchana, na baada ya siku 5 humwagwa. Mfuko wake ni mdogo, manjano hafifu kama maji ya ndimu, na dozi moja ya mtu mzima inaweza kuhitaji damu ya watu 4 hadi 6. Sasa mnaelewa kwa nini watu 30 waliochangia Jumapili moja baada ya ibada hawamsaidii wiki ya tatu. Gaweni: watu 6 Jumatatu hii, 6 Alhamisi, 6 wiki ijayo. Teueni mmoja wenu, mwenye simu isiyozimwa, ashike orodha hiyo.

Aliyepewa fludarabini au kladribini anatakiwa apewe damu iliyopigwa mionzi, pale penye mashine hiyo, ili chembe za kinga za mchangiaji zisimdhuru. Ulizeni kama ipo.

Rozela na juisi ya majani ya mpapai je?

Rozela tunaipenda sote, lakini damu yake haikupungua kwa kukosa madini ya chuma. Kiwanda ndicho kimefungwa. Tena kila chupa ya damu anayoongezewa huleta miligramu 200 hadi 250 za chuma, kwa hiyo anayo ya kutosha na kuzidi. Glasi ya rozela iliyochemshwa anywe kwa ladha yake, isihesabiwe kuwa dawa. Majani ya mpapai yaliyosagwa mabichi ni hatari zaidi, kwa sababu vijidudu vya kwenye majani vinaingia tumboni mwa mtu asiye na kinga, kwa ahadi ya kupandisha chembe sahani ambazo uboho hauwezi kuzitengeneza wakati huo.

Balungi aliache kabisa akiwa anatumia venetoklaksi au vidonge vya jeni, kwani huchezea kasi ya ini kuvunja dawa. Dawa za fangasi, kama posakonazoli, hufanya hivyo pia, na daktari hupunguza dozi kwa makusudi. Miti shamba ya aina yoyote ileteni mezani tuione. Sitawagombeza. Ninachoogopa ni ile inayofichwa chini ya godoro.

Ale nini?

Chakula kilichopikwa kikaiva, cha moto, cha siku hiyo. Matunda ya kumenywa, yamenywe na aliyenawa mikono. Maji yaliyochemshwa. Kachumbari ya nje na maziwa yasiyochemshwa asubiri. Kumnyima kila kitu hakujaonekana kupunguza maambukizi. Usafi wa mikono ndio unaopunguza. Akitaka wali na samaki, mpeni wali na samaki.

Kipimo cha moyo kila mara ni cha nini?

Daunorubisini, idarubisini na mitoksantroni huuchosha moyo, na uchovu huo hujumlishwa maisha yote. Leteni karatasi za matibabu ya kwanza zenye dozi. Bila hizo daktari anakisia, na hapa si pa kukisia.

Atapata watoto baadaye?

Huenda asipate. Kijana wa kiume aulizwe kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya dozi ya kwanza, penye huduma hiyo. Kwa mwanamke muda huwa mfupi mno, lakini aulizwe naye. Watu huona aibu kuligusa hili mbele ya wakwe na wazazi. Ombeni dakika tano faragha.

Lini tutajua kama imefanya kazi?

Damu inapoanza kupanda, kwa kawaida wiki ya 4 hadi ya 6, ndipo uboho huchukuliwa tena kwenye nyonga. Chembe zikichelewa kupanda si lazima ugonjwa umebaki. Wakati mwingine uboho umechoka tu.

Tukisema basi, tutakuwa tumemuua?

Hapana. Ugonjwa ndio unaoua.

Kuna mgonjwa ambaye kemo ya tatu itampa wiki nne za vidonda mdomoni na homa, kisha hakuna kitu. Huyo ana haki ya kuambiwa hivyo kwa lugha yake na kuulizwa anataka nini, yeye mwenyewe, si kaka mkubwa peke yake kwenye korido. Akisema basi, bado kuna haidroksiyurea ya kushusha chembe, damu anapoishiwa pumzi, antibayotiki, na mofini ya maji, ambayo haimharakishi kufa ikitolewa kwa kipimo. Wapo wanaotaka kurudi kwao, walale chumba wanachokijua. Hilo nalo lina maandalizi: nani atampima, dawa zitapatikana wapi, namba gani ipigwe usiku. Mkilisema mapema tunalipanga. Mkilisema siku ya mwisho, huenda akafia njiani, ndani ya gari.

Kwenye daftari la nyumbani tuandike nini?

Tarehe, joto asubuhi na jioni, chembe nyeupe, damu na chembe sahani za kila kipimo, dawa na saa aliyokunywa, kundi lake la damu, majibu ya jeni, majina ya ndugu waliopimwa na waliobaki. Ukurasa wa kwanza aandike yeye jina lake kamili, kabla chupa ya kwanza haijatundikwa, tupate cha kulinganisha nacho.